Mama Kadi: Miaka Thelathini na Mitatu ya Kugeuza

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, saa nane mchana, mwalimu wetu wa uchambuzi wa fasihi, filamu na tamthilia za televisheni atastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi. Wanafunzi humwita Mama Kadi, na siku hizi hata barua za ofisi ya utumishi humfikia kwa jina hilo. Kamati ya sherehe imemwagiza mwandishi wa wasifu huu, ambaye ndiye mhariri wa jarida hili, aandike kitu chepesi, cha furaha, kisichozidi ukurasa mmoja. Kwenye furaha atajitahidi. Kwenye wepesi hawezi kuahidi, kwa kuwa ameshika kalamu akiwa amekasirika na hasira hazijamtoka.

Aliingia chuoni akiwa na digrii moja, mtoto mchanga na televisheni yake mwenyewe, aliyoileta kwa mkokoteni kwa sababu idara haikuwa nayo. Akapewa ofisi namba kumi na nne, ambayo hadi wiki iliyotangulia ilikuwa stoo ya mafagio. Somo la kuchunguza wanawake wanavyosemeshwa na wanavyonyamazishwa katika vitabu na kwenye vioo vya televisheni halikuwa kwenye ratiba yoyote. Alilianzisha yeye. Matoleo ya nyuma ya jarida hili yanasema "alishiriki kulianzisha", na huo ni uongo tulioupiga chapa sisi.

Kazi yake ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Alitazama filamu, akasoma riwaya, akakaa mbele ya tamthilia ya jioni kama mtu aliyewekwa mlangoni kuhesabu wageni, na kila mwanamke alipofungua mdomo yeye aliandika kadi. Nani kasema, kamwambia nani, kakatizwa dakika ya ngapi, kamera ilikuwa inatazama nini. Kadi ya kwanza kabisa ipo mpaka leo: "Anaeleza kuwa mama yake amefariki. Kamera imeanzia miguuni. Imefika usoni baada ya sekunde tisa." Chini yake, kwa wino uleule, ameandika: "Huyu kafiwa, jamani!"

Kwa kadi hizo alituonyesha kwamba katika riwaya mia moja na arobaini alizozipitia, wanaume husema, hueleza na huamua, ilhali wanawake wakitamka jambo lilelile hulalamika, hunong'ona, hufoka au hulia. Alituonyesha kwamba mwanamke wa kwenye tamthilia akizungumza dakika mbili bila kukatizwa, afadhali aandike wosia, kwa kuwa msimu haumalizi. Darasa lilicheka, naye alicheka nalo, kisha akauliza ni wangapi kati yao wamemkatiza dada yao asubuhi ile. Wengi waliinamia madaftari.

Mumewe, fundi wa majokofu, alishakata tamaa ya kutazama chochote kwa amani nyumbani kwake. Aliyejiunga na utafiti ni mama mkwe. Bibi huyo, mshonaji ambaye shule yake yote iliishia kwenye kuandika vipimo vya wateja, aliweka kopo la vifungo kando ya kiti, na kila mwanamke alipoambiwa anyamaze, kifungo kimoja kilihamia bakulini. Jioni moja, baada ya sehemu moja tu ya tamthilia, bakuli lilikuwa na vifungo ishirini na vitatu. "Mwanangu," akasema, "hapa mashati mawili yamefungika, na gauni juu." Mama Kadi aliitumia hesabu hiyo katika makala tatu, na katika zote tatu jina la mama mkwe lipo, ukurasa wa kwanza, herufi kubwa. Yeye akichota kisimani kwa mtu hutaja mwenye kisima.

Kuna desturi yake moja ambayo msomaji lazima aijue. Mama Kadi hakufuta kadi hata siku moja. Mara ya kwanza aliandika upande wa mbele, mbiombio, picha ikienda. Mara ya pili alitazama upya, na alipogundua amekosea aliigeuza kadi na kuandika sahihisho nyuma, kosa akaliacha pale mbele kama lilivyo. Alisema kosa linakuonyesha ulikuwa unatamani kusikia nini. Wanafunzi wake wote, kabla ya kufundishwa nadharia yoyote, walifundishwa neno moja: geuza.

Sasa tuje kwenye kitabu. Miaka kumi na miwili iliyopita mkuu wa idara wa wakati huo, profesa ambaye Ijumaa ndiye mgeni rasmi wetu, aliazima masanduku yote kumi na tisa ya kadi kwa wiki mbili. Yalirudi baada ya miezi minane. Nyuma yake kikaja kitabu juu ya sauti ya mwanamke katika filamu na tamthilia, jina la profesa juu, picha ya profesa nyuma, mkono kidevuni. Jina la Mama Kadi halimo. Ukurasa wa shukrani unawashukuru "akina mama wa idara kwa uvumilivu wao". Jarida hili lilikisifu kitabu hicho kwenye ukurasa wa mbele.

Ubaya ni kwamba hata kuiba hakujua. Alinakili mbele za kadi na hakugeuza hata moja. Kadi namba 2316, upande wa mbele, inasema kuwa mke kaomba radhi mezani: "Nimekosea, nisamehe." Upande wa nyuma inasema: "Si mke. Ni mume, kaipa kamera kisogo. Mke anatafuna tu." Kutokana na ule upande wa mbele profesa aliandika sura nzima iitwayo "Toba ya Mwanamke", akieleza kwa nini wanawake wetu ni wepesi wa kuungama. Kurasa thelathini na moja juu ya mtu aliyekuwa anatafuna! Sura hiyo inasomwa mwaka wa pili mpaka leo, na watoto wa watu wamefelishwa kwa kuibishia.

Mama Kadi alilalamika rasmi, kwa maandishi. Ikaundwa kamati ya watu watatu, ikakaa asubuhi moja katika chumba cha mikutano. Alikuja na sanduku namba sita, akaliweka mezani karibu na chupa ya chai, akasema sentensi moja: "Naomba mgeuze kadi moja tu." Mwenyekiti akamjibu, "Mama, tusifike huko, sisi ni familia." Kikombe chake cha chai akakitua juu ya sanduku. Profesa aligonga meza mara nne na kupaza sauti hadi mhudumu akafungua mlango kuuliza kama kuna usalama. Ikawa funika kombe mwanaharamu apite, kikao kikafungwa kabla ya saa sita.

Hapa kujiita "mwandishi wa wasifu huu" kunanishinda. Katibu wa kikao kile nilikuwa mimi, mwanafunzi wake wa zamani, mwenye miezi mitatu kazini na woga wa miaka thelathini. Muhtasari niliouandika bado uko kwenye faili: "Mlalamikaji alibubujikwa na machozi, akasihi ahurumiwe. Mkuu wa idara alifafanua kwa utulivu." Kwa muhtasari huo kamati iliamua kuwa suala hili ni la hisia, si la ushahidi.

Mama Kadi hakulia. Hakumsihi mtu. Macho yake yalikuwa makavu kuliko karatasi niliyokuwa naiandikia. Nimejiuliza mno wiki hii nilitoa wapi machozi yale, na jibu linanitia aibu: nilikuwa nimeshamwona mwanamke mbele ya kamati mara nyingi mno kwenye televisheni, na kila mara analia, basi mkono wangu ukaandika wenyewe. Nilipata alama ya juu kabisa katika somo lake, na siku nilipolihitaji nililisahau. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyekuwa nguoni mwake.

Wiki mbili zilizopita utawala ulitoa agizo kwamba ofisi namba kumi na nne iwe tupu kabla ya sherehe. Masanduku yote kumi na tisa yaliandikwa kwa chaki "ya kutupa". Agizo lina saini, na saini hiyo ni ya mtu anayejua kilichomo. Yakishatupwa, hakutakuwa na ushahidi wowote duniani wa kuonyesha kazi ile ni ya nani, kitabu kitabaki peke yake, na Ijumaa profesa atamkabidhi mwalimu wetu nakala yake yenye saini kama zawadi ya kumuaga. Nilitumwa kusimamia utupaji. Katika sanduku la mwisho nilikuta kadi yenye mwandiko wa Mama Kadi, na mbele yake kuna ile sentensi yangu ya muhtasari, neno kwa neno, pamoja na tarehe. Nikaigeuza. "Hakulia. Aliomba wageuze. Mwandishi ni mwanafunzi wangu, nilimfundisha vizuri, basi siku moja atageuza."

Nilikaa sakafuni na kadi ile. Niliyelia siku hiyo ni mimi, na naomba iandikwe hivyo.

Nilimfuata nyumbani na orodha niliyoikusanya kwa siku nne: makosa kumi na manane yaliyomo kitabuni, kila moja na ukurasa wake, na kadi inayolisahihisha. Nilimwambia nataka kumtetea. "Nani kakwambia nahitaji wakili?" akauliza, akivaa miwani. "Mimi nina kadi. Wewe ni mhariri, fanya kazi yako." Akaipitia orodha mstari kwa mstari, akakata mmoja. Kosa hilo, alisema, lilikuwa lake tangu mwanzo na hakuwahi kulisahihisha. "Mwanangu, mtu hata kama ni mwizi, usimwonee." Yakabaki kumi na saba. Profesa aliandika kitabu kizima bila kujiuliza swali moja la namna hiyo.

Watu husema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Unyonge simjui nao. Haki yake tulikuwa tumeikalia sisi, wengine kwa kusaini, wengine kwa kunywa chai juu yake, na mimi kwa kalamu hii.

Mwalimu, tunakushukuru kwa somo, na kwa subira ambayo hatukustahili. Nenda ukapumzike na fundi wako wa majokofu, mtazame tamthilia hata moja mpaka mwisho, na bibi aongezewe kopo. Afya njema, miaka mingi, na usingizi wa mtu asiyedaiwa kitu na mtu.

Wageni waalikwa mnaarifiwa kwamba masanduku hayakutupwa. Yamepangwa Ijumaa kwenye meza ndefu mlangoni mwa ukumbi, yako wazi, na kila mtu anaruhusiwa kushika. Ratiba ya sherehe, ambayo kwa kawaida hukaa nyuma ya ukurasa huu, imehamishiwa ndani. Nyuma kuna makosa kumi na saba, kila moja na ukurasa wake wa kitabu na namba yake ya kadi, na juu yake jina kamili la aliyeifanya kazi.

Geuza.