Ngao ya Mshabiki Mvumilivu

Mheshimiwa mgeni rasmi uliyekuja kutufungulia jukwaa, ndugu mwenyekiti wa klabu yetu na kamati yako yote, ndugu katibu, kocha wetu mpya, ambaye nasikia umewasili juzi, karibu sana, na kwa ushauri wangu usitoe nguo zote sandukuni, wachezaji wetu, wazee wenzangu, ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana, na ninyi ndugu zangu mia mbili mliokaa nyuma ya nguzo, ambao mnanisikia lakini hamnioni: nawasalimu wote, na wanaostahili shikamoo, shikamooni.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi mwashi. Nimejenga nyumba za watu kwa miaka thelathini na tisa, na kati ya hiyo miaka thelathini na minne nimekuwa mshabiki wa timu hii, kumi na mitano ya mwisho nikiwa mwenyekiti wa tawi la mashabiki, kazi ambayo leo naiachia. Nimealikwa kwa mambo matatu. Kuaga. Kupokea ngao hii mnayoiona mezani, iliyoandikwa kwa herufi za dhahabu "Mshabiki Mvumilivu". Na kuwaomba wenzangu wawe na subira. Kwa hilo la tatu ndugu katibu amenirahisishia, ameniandikia hotuba kabisa. Nimeisoma. Neno subira limo mara tisa. Nimeikunja nikaiweka mfukoni, na mtaniwia radhi, itabaki humohumo.

Ndugu mwenyekiti amezungumza kabla yangu, na amezungumza vizuri kama kawaida yake, maana kwa maneno hatujawahi kufungwa. Amesema tusikate tamaa, tunajenga timu. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, nikaona watu wanapiga makofi, nami nikapiga. Mikono ina mazoea yake. Lakini ndugu mwenyekiti, neno hilo ni letu sisi mafundi. Mliliazima miaka kumi na mmoja iliyopita, siku tuliposhuka daraja mara ya kwanza, na mpaka leo hamjalirudisha.

Kujenga ni nini? Nauliza kwa sababu kila nikilisikia neno hilo hapa uwanjani nahisi kama mtu anayesikia jina lake likiitwa kwenye kesi isiyomhusu. Mwaka ule mlipoanza kujenga timu, mimi nilianza kumjengea mwalimu mmoja nyumba. Tulichimba msingi, tukapandisha kuta, tukafunga lenta, tukaezeka. Mwalimu akahamia, akaoa, akapata mtoto, mtoto sasa yuko darasa la tatu. Mwezi uliopita nimeitwa kwenda kuikarabati nyumba ileile, kwa sababu imeanza kuchakaa. Nyumba imejengwa, imekaliwa, imezalia watu, imechakaa, na timu bado inajengwa!

Makocha tisa, ndugu zangu. Kila mmoja amefika, ametazama, ametikisa kichwa, akasema aliyemtangulia alikosea msingi, kwa hiyo tubomoe tuanze upya. Nami kama fundi nawaambia, ukibomoa kila msimu, siku moja hata mahali pa kuchimba panakwisha. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa tuliuacha, ukuta tukaubomoa, na ninavyoona mimi tunachojenga sasa ni ufa wenyewe.

Mnamkumbuka Sindano? Yule mwembamba, aliyekuwa akipita katikati ya mabeki wawili hata hujui kapitaje. Huyo alikuwa tofali moja zuri katika lundo lote. Mkamwachia aende kwa wapinzani wetu, mkatuambia ni sehemu ya mpango wa kujenga. Akarudi hapahapa na jezi ngeni, akatufunga mawili, na kwa adabu yake hakushangilia. Tulioshangilia ni sisi. Mpira ulipogusa wavu tulisimama wote tukapiga kelele za furaha, kwa mazoea, kisha tukatazamana, tukakaa chini mmoja mmoja kama watu waliokosea nyumba ya msiba.

Baada ya mechi ile ndugu mwenyekiti alitufariji kwa methali yake, kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Ni methali nzuri. Ila sisi tumekubali kushindwa kwa moyo mkunjufu, tumekubali nyumbani na ugenini, tumekubali kwenye jua na kwenye mvua, mpaka ushindani wenyewe umetushinda. Mwenyekiti, usitazame saa. Dakika za nyongeza tumezizoea. Ndimo huwa tunafungwa.

Nije kwenye jukwaa lenyewe, maana ndilo lililotukutanisha. Ni jukwaa zuri. Nalijua tofali kwa tofali, kwa sababu tulilijenga mimi na mashabiki wenzangu, kila Jumamosi asubuhi kwa misimu mitatu, bure, kwa mapenzi. Siku ya kupanga nguzo nilivuta kamba kutoka kwenye viti mpaka golini, nikamwendea ndugu katibu nikamweleza kwamba nguzo ikikaa hapa, watu mia mbili hawataliona goli la upande ule wa shule. Akaniambia, "Fundi, wewe jenga. Kuona tuachie wataalamu."

Nikajenga. Nguzo ni ile pale, imenyooka, niliipima mwenyewe kwa timazi. Tangu tulipoanza kukaa huku msimu huu, kabla hata halijafunguliwa rasmi, imetuficha magoli kumi na saba, na yote ni ya kufungwa sisi. Kwa hiyo wenzangu wa nyuma ya nguzo, msinung'unike sana. Ninyi ndio pekee mliopata huduma ya maana kutoka kwa klabu hii mwaka huu.

Mnacheka. Chekeni, nami nimecheka miaka mingi. Sasa niseme lile ambalo halimo kwenye karatasi ya katibu, na ambalo mpaka leo asubuhi sikupanga kulisema.

Mke wangu alikuwa fundi cherehani. Suti hii niliyovaa aliishona yeye. Hakuwa mshabiki, wala hakuwahi kukanyaga uwanja huu. Mwaka uleule wa kushuka daraja nilimchimbia msingi wa chumba cha kushonea, nyuma ya nyumba yetu, hatua nne kwa tano, na dirisha la upande wa mashariki apate mwanga wa kutungia uzi. Nikapandisha safu tatu za tofali. Nikafyatua matofali mia nne ya kumalizia, nikayapanga, nikayafunika kwa mabati mawili makuukuu. Yakawa yanasubiri Jumamosi, na Jumamosi zangu mnajua zilikuwa za nani. Kinyozi hajinyoi, ndivyo nilivyokuwa nikimwambia, na yeye alikuwa akinijibu kwamba kinyozi angalau nywele zake humwotea kichwani mwenyewe.

Kila niliporudi kutoka mpirani hakuniuliza tumefungwa ngapi. Alikuwa barazani na cherehani yake, anasimamisha gurudumu kwa mkono, ananiuliza, "Mmejenga?" Nami najibu, "Tunajenga." Tunacheka. Miaka ya mwanzo tulicheka wote wawili. Baadaye nikawa nacheka peke yangu, na kwa kuwa mimi si mwepesi wa kuelewa mambo ya nyumbani kwangu, ilinichukua misimu kadhaa kutambua kwamba hakuwa akiulizia timu.

Kisha klabu ikatangaza ujenzi wa jukwaa, kila mshabiki alete alichonacho. Mimi ni mwenyekiti wa tawi. Ningesimamaje mbele ya wenzangu kuwahimiza, mikono mitupu? Nikaleta matofali. Gari lilipokuja kuyapakia, yeye ndiye aliyewaletea wapakiaji maji ya kunywa. Aliniuliza neno moja tu, kama yatarudi. Nikamwambia msimu ujao. Mvua za mwaka ule zikamtoa barazani, akahamishia cherehani jikoni, kati ya jiko na mlango, na wateja wakaanza kulalamika kwamba nguo zao zinanuka moshi. Matofali yale, mheshimiwa mgeni rasmi, ni safu ya tatu na ya nne kutoka chini. Ndiyo uliyoyakalia.

Mwaka jana akaugua. Wiki ya tatu yuko wodini, ikawa Jumamosi, na nasema mbele yenu kwa aibu, nilikuja kwanza hapa. Nilijiambia ni dakika tisini tu. Tulifungwa nne. Kipenga cha mwisho kilipolia nikaenda hospitali moja kwa moja, nikafika saa ya kutazama wagonjwa inakaribia kwisha, nikamkuta amegeukia mlango. Hakunilaumu. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Mmejenga?"

Ulimi ukakataa kusema tunajenga. Nikamwambia, "Tumeezeka."

Akatabasamu. Akasema, "Nani kawapa mabati?"

Jumanne akafariki. Utani wake wa mwisho aliwatania ninyi, ndugu mwenyekiti, lakini niliobaki nao ni mimi.

Binti yetu ndiye anayeshona sasa, jikoni palepale. Leo asubuhi nilimwambia ajiandae twende wote, baba yake anapewa ngao. Alikuwa ananipigia pasi shati hili. Alimaliza kola, akamaliza mikono, akanipa, ndipo akaniambia, "Baba, nenda tu. Mimi siwezi kwenda kukaa juu ya chumba cha mama."

Nimetembea kutoka nyumbani mpaka hapa na maneno hayo. Nilifikiri nikifika, nikiona watu, nikisikia makofi, yatapungua. Nimekaa pale meza kuu, pa kwanza katika maisha yangu ambapo goli zote mbili zinaonekana, nikaona kwamba hayapungui. Na hapo ndipo nilipoikunja karatasi ya katibu.

Sikuja kuwalaumu kwa matofali. Niliyaleta mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono, na kama kuna fundi wa kushtakiwa hapa ni mimi. Lakini viongozi wetu, nanyi nawaombeni msikie. Mtu anapokupa Jumamosi zake, hakupi siku. Kuna mahali pengine amezitoa, na pale alipozitoa kuna mtu amekaa anasubiri. Nyinyi mnaposimama hapa kila msimu na kusema tunajenga, tuvumiliane, mnadhani mnaowaomba uvumilivu ni sisi? Sisi tunapiga kelele, tunaimba, tunatukana mwamuzi, tunarudi nyumbani tumetoa ya moyoni. Uvumilivu mnaoutumia ni wa watu msiowajua, ambao hawakununua tiketi, na hakuna aliyewauliza.

Kwa sababu hiyo sitawaomba wenzangu subira. Sina ya kuwaombea. Nawaomba kitu kingine, kidogo tu: leo mkirudi nyumbani, kila mmoja apite nyuma ya nyumba yake atazame ni kitu gani kimesimama kwenye safu ya tatu. Mwenye kitu kama hicho anajua la kufanya. Asiye nacho aje Jumamosi, timu inamhitaji, na Mungu amsaidie.

Wala msidhani nahama. Mtu hahami timu kama mpangaji anavyohama chumba. Ningekuwa naweza ningehama siku ile ya Sindano. Redio nitaiweka juu ya ukuta nikiwa kazini, na mkifungwa tutakuwa tumefungwa pamoja. Ila viungo vyangu hivi, mikono hii na macho haya, nimewapa vya kutosha.

Kuhusu ngao. Ndugu katibu ameniona naitazama akadhani nimeipenda. Nilikuwa nasoma maandishi. Ndugu zangu, kuna kosa limefanyika hapa, na kwa kuwa herufi ni za dhahabu ni vigumu kulifuta. Mvumilivu hakuwa mimi. Mimi nilikuwa mbishi, nikauita ubishi wangu mapenzi. Mvumilivu alikuwa mtu ambaye hakuwahi kukaa kwenye jukwaa hili wala kuimba wimbo wetu hata mmoja, aliyekuwa akishona suruali za watu katikati ya moshi na kuniuliza swali moja kwa miaka kumi.

Nilikusudia kuikataa. Lakini nimefikiri hapa nikiwa nimesimama, nikaona nikiikataa itarudi kabatini kwenu, na mwakani mtampa mwingine. Kwa hiyo naipokea kwa mikono miwili, kwa niaba yake, na nawashukuru. Nitaitundika ukutani katika chumba chake cha kushonea, upande wa dirisha, binti yetu awe anaiona akiinua kichwa.

Kwanza niujenge huo ukuta. Msingi upo, safu tatu zipo, mwiko ninao, timazi ninayo, na kuanzia wiki hii Jumamosi ninazo. Msinitafute.

Mheshimiwa mgeni rasmi, ahsante kwa uvumilivu wako. Na ninyi wenzangu wa nyuma ya nguzo, niliowajengea nguzo hiyo kwa mikono yangu huku nikijua, nisameheni, na asanteni kwa kunisikiliza bila kuniona.