Pua Ilianza, Shavu Likafuata

Bwana asifiwe! Imana ishimwe! Nimesalimu kwa Kiswahili na kwa Kirundi ili nisimwache mtu, maana furaha niliyo nayo leo ni ya kugawa. Mniruhusu nisome. Nikisimama bila karatasi maneno hunikimbia.

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi ni Esperansi, wa mstari wa nyuma kwenye kwaya. Tuliingia nchi hii kutoka Burundi kupitia mpakani Kagunga, mama amenibeba mgongoni, hadi hapa kambini.

Nilipofika kidato cha pili, pua yangu ya kushoto iliziba. Naamka, mto una damu. Sauti ikawa inatokea puani, na Fideli wa besi akapata kazi: "Wee redio, geuza antena!" Nacheka na wanakwaya wenzangu, halafu naenda kulia chooni.

Mama akasema ni kimio, kile kinyama cha kooni, kimerefuka. Tunajuana sisi! Mtoto akikohoa, kimio. Akikoroma, kimio. Nikapelekwa kwa mganga wa kienyeji, nikakatwa. Uji niliumeza kama miiba, na pua ikabaki vilevile. Miezi ikapita, kisha shavu likavimba, jicho likaanza kusukumwa.

Tukapata kibali cha kutoka kambini, tukafika hospitali mjini Kigoma. Wodini watoto wengi walikuwa na taya zilizovimba. Daktari akatueleza kwa upole kwamba ukanda huu, mtoto akija na uvimbe wa namna hiyo, mara nyingi ni limfoma, saratani ya matezi. Dawa ipo, kesho tunaanza. Kitanda cha pili mtoto wa Ilagala alishaanza dripu ya dawa hiyo, na taya lake lilikuwa linashuka. Haleluya! Mama akasema amina. Moyo wangu ukakataa.

Ndugu zangu, mimi ambaye hata darasani sinyooshi mkono! Nikaomba: Bwana, nipe sentensi moja tu ya kumwambia daktari.

Asubuhi dripu ikaja. Nikafumba macho, nikasema, "Shikamoo daktari. Pua ndiyo ilianza, shavu limefuata baadaye sana. Na nilikatwa kimio."

Mama akanifinya. Daktari akasimama.

"Mbona hamkusema?"

"Tuliogopa kugombezwa, baba," mama akajibu.

Akanimulika puani kwa tochi, akageuka. "Nesi, dripu isubiri. Tukate kinyama kwanza, kikapimwe."

Jibu likarudi: si limfoma, wala si saratani kabisa! Ni uvimbe ulioota kwenye sainasi, ule uwazi ndani ya mfupa wa shavu. Ni wa nadra; daktari alisema alikuwa ameusoma vitabuni tu. Dripu iliyomponya mwenzangu ingenitesa mimi bure. Dawa yangu ilikuwa kisu, na hospitalini Mwanza wakautoa wote. Mungu wetu ni mkuu!

Leo napumua kwa pua zote mbili. Nasikia harufu ya dagaa tangu getini! Mama, usiiname. Ni wewe uliyenibeba kutoka Kagunga, ni wewe uliyelala sakafuni wodini. Najivunia wewe mbele ya kanisa lote.

Jumapili iliyopita Fideli kaniambia, "Redio imeshika!" Nikamjibu, "Basi usiizime."

Wewe uliyekaa hapo na jambo limekukaa kooni, mwamini Yesu, umwambie yote. Na daktari pia mwambie yote, hata la kimio. Aliyenipa mimi sentensi moja atakupa na wewe.

Sasa nakunja karatasi. Wapendwa, simameni. Wimbo wa leo naanzisha mimi.