Siku Korali Ilipoimba Ufunguo wa Mfuko

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu! Na asifiwe tena, kwa sababu mnaniona nimesimama hapa nimevaa vizuri, lakini ndani bado natetemeka. Naitwa Riziki, ni mtoto wa hapa hapa Kalemie, mtaa wa Kataki. Kazi yangu ni kutengeneza programu za simu na kompyuta. Wageni wetu wa Moba na Kabalo, karibuni. Nitakayosema mtadhani natunga. Situngi. Waliokuwepo wapo, wengine wamekaa pale mbele na wameshaanza kucheka kabla sijafika popote.

Ndugu zangu, mnajua mateso ya dola katika nchi yetu. Noti ikiwa na ufa mdogo tu, kambisti, mbadilishaji wa pesa, anakurudishia kana kwamba umempa jani. Sasa wamama wa korali yetu, waimbaji wetu wa kanisa, ndio wale wanaouza ndagala, dagaa wa ziwani, na walipotaka kununua kitu Kigoma walikuwa wanafunga dola kiunoni, ndani ya kitenge, wanapanda boti. Safari moja ziwa lilichafuka, maji yakaingia botini mpaka magotini. Mama Feza, msimamizi wa korali, alifika ng'ambo mzima, tunamshukuru Mungu. Lakini noti zilikuwa zimelowa na kushikana, akizibandua zinapasuka. Hakuna aliyezitaka, si huko wala huku. Jasho la msimu mzima wa kuanika samaki! Alirudi nazo, akazitandaza juu ya bati zikauke, akakaa anazitazama. Mimi nilimwona kwa macho yangu, nikalia kuliko yeye.

Hapo ndipo Mungu akanipa wazo la Kivuko. Kivuko ni programu ya kutuma kripto, zile dola za mtandaoni, kutoka mfuko wako wa mtandaoni kwenda mfuko wa mtu mwingine bila kupanda boti. Lakini kripto ni kali, ndugu zangu. Ikienda hairudi, na hakuna biro wala ofisi ya kwenda kulalamika. Kwa hiyo nikaweka ndani yake sehemu ya jaribio. Kabla ya kutuma, programu inaigiza safari nzima: inakuonyesha pesa zingefika wapi, zingebaki ngapi, na kama zingekwama njiani. Pesa yenyewe haisogei. Tena nikaweka sheria isiyovunjika, kwamba jaribio lisipopita, kitufe cha kutuma hakifunguki, hata kwangu mimi niliyeitengeneza. Niliijenga kwa shida. Umeme ukija nafanya kazi, ukienda nasali.

Wamama wakakubali kuanza nayo. Waliunganisha pesa ya kununua mashine ya kusaga kwa mfanyabiashara mmoja wa Kigoma anayepokea kripto, maana wanawake wa mtaa wetu walikuwa wanabeba muhogo kichwani hadi mbali kwenda kuusagisha. Siku ya kufungua mfuko, programu ilitoa maneno kumi na mawili ya Kifaransa, maneno yasiyojuana kabisa: nyuki, ngazi, jirani, sukari, namna hiyo. Hayo ndiyo ufunguo. Mwenye kuyajua kwa mpangilio wake anaufungua mfuko kutoka simu yoyote duniani! Nikawaonya wasiyaandike popote, maana karatasi huibwa, wala wasinipe hata mimi. Wayashike kichwani. Mama Feza akanijibu kwamba hilo halina shida, wao wana njia yao ya kushika maneno. Nikafurahi sana, sikuuliza ni njia gani, na pesa ya mashine ikaingia humo kama kripto, ikingoja siku ya kutumwa Kigoma.

Ikafika Jumapili ya shukrani. Kanisa limejaa, na simu imesimamishwa mbele kwenye mguu wake, inarusha ibada moja kwa moja kwa ndugu zetu walioko Lubumbashi, Kigoma na hata Ulaya. Korali ikasimama. Mama Feza akatangaza wimbo mpya. Ngoma zikaanza, sauti ya kwanza ikaingia kwa Kifaransa. Nyuki. Ngazi. Nikadhani nasikia vibaya. Jirani. Sukari. Ndugu zangu, maneno yasiyojuana namna hiyo hutoka Kivuko tu! Walikuwa wanaimba ufunguo! Kwa mpangilio wake, kwa sauti tatu, na aleluya katikati, mbele ya kanisa zima na mbele ya ile simu!

Niliinuka. Nilitaka kupiga kelele, sauti ikagoma. Nikanyoosha mikono yote miwili kuwapungia waache, huku natikisika kuanzia miguu mpaka kichwa. Sasa mnajua kwetu mtu akisimama hivyo katikati ya wimbo tunasema nini. Tunasema Roho amemshukia! Maprotokole wawili, wale wanaopanga watu kanisani, wakaja mbio wakanishika huku na huku nisianguke. Wamama waliponiona wakapata moto. Mama Feza akazungusha mkono juu, na korali ikarudia tangu mwanzo, polepole zaidi, kila neno likisikika vizuri.

Mle mle mikononi mwa maprotokole Mungu akanifungua akili. Mimi sikuwa na ufunguo, lakini si ulikuwa unaimbwa? Nikatoa simu, nikafungua Kivuko, nikaanza kuandika maneno kadiri yanavyotoka vinywani mwao, kama mwizi kabisa. Neno la saba likanipita. Nikanyoosha mikono tena, nikatikisika safari hii kwa makusudi, Mungu anisamehe, nao wakarudia. Nikalipata. Mfuko ukafunguka, na pesa yote bado ilikuwemo.

Nikaielekeza kwenye mfuko wangu mwenyewe, maana ndio uliokuwa karibu, nikagusa kitufe cha kutuma. Hakifunguki. Jaribio kwanza! Sheria yangu mwenyewe! Nikagusa jaribio, duara likazunguka, likazunguka, na mtandao wetu mnaujua. Jibu likaja: safari ingekwama, mfuko hauna ada ya njia. Kripto ni kama bandarini, mzigo hauondoki bila kumlipa mbebaji, na ada hiyo inalipwa kwa sarafu nyingine ambayo wamama hawakuwahi kuiweka. Lile jaribio nililokuwa nalilaani ndilo lililonionyesha mlango umezibwa na nini. Nikachukua ada kidogo kutoka mfuko wangu, nikaituma kwenye mfuko wao, nayo pia kwa jaribio kwanza. Jasho lilikuwa linadondokea kioo, na protokole mmoja ananifuta uso kwa kitambaa huku akisema asante Yesu. Nikarudi kwenye pesa ya mashine. Jaribio likapita. Nikatuma. Wimbo ukaisha, watu wakashangilia, na kwenye simu yangu pakaandikwa kwamba pesa imefika.

Hapo nilianguka kweli, wala si kwa makusudi.

Ibada ilipokwisha nilimvuta Mama Feza uani nikamweleza yote. Uso ulimbadilika, akakaa kwenye ukingo wa ukuta.

"Riziki, mutoto wangu, ni wewe ulisema tushike mu kichwa," akasema. "Sisi, neno bila wimbo haikae mu kichwa."

Nikamuuliza kwa nini basi waliuimba mbele ya watu wote.

"Sasa wimbo yenye haiimbiwe watu, ni wimbo gani?"

Nikafungua ule mfuko wa zamani ili nimwonyeshe ulivyobaki mtupu. Haukuwa mtupu! Ndani yake kulikuwa na ada ya njia ambayo mimi sikuiweka. Ilitoka kwenye mfuko nisioujua, na iliingia muda mfupi tu baada ya pesa yetu kuondoka. Mnaelewa hiyo ni nini? Kuna mtu aliyekuwa anaandika maneno kama mimi. Alifungua mfuko, akaona pesa, akaleta ada yake ili aibebe. Ada ilipofika, pesa ilikuwa imekwenda.

Nilimwonyesha Mama Feza. Kilichonishtua si kwamba mwizi yupo, wezi tunawajua. Kilichonishtua ni kwamba huyu alikuwa nasi ibadani. Pengine aliifuata kwenye simu. Pengine alikuwa ndani, alitoa sadaka, akanisalimia mlangoni! Watu walikuwa bado wanapeana mikono uani, nami nikawa natazama kila mkono ulioshika simu.

Nikasema ada ile naweza kuivuta sasa hivi, iwe funzo kwake. Mama Feza akatikisa kichwa. "Iache," akasema. "Haiko yetu."

Pesa niliituma Kigoma, na leo mashine inasaga pale Kataki, na unga wake wengine mmeula jana usiku bila kujua. Wamama wana mfuko mpya wenye maneno mapya, na wameniapia kwamba hayo hayaimbwi. Safari hii niliwauliza wanayashika vipi. Wamekataa kuniambia.

Namshukuru Mungu aliyetumia hata kutikisika kwangu. Ndugu yangu, kama umefanya kazi yako kwa uaminifu na bado mambo yanakuponyoka mbele ya macho yako, usikate tamaa. Mtegemee. Yeye anajua neno la saba linapokupita, na anaweza kulirudisha.

Lakini sitarudi kwenye kiti kabla sijasema na mtu mmoja, maana najua ibada hii nayo inarushwa. Wewe uliyeandika maneno yale siku ile, sikujui, na sina hasira nawe tena. Ada yako iko pale pale ulipoiacha, hakuna aliyeigusa, njoo uichukue. Wimbo ule bado tunauimba, kwa sababu mfuko wake hauna kitu chetu tena. Wewe uliusikiliza kwa makini kuliko sisi tuliokuwa tunapiga makofi. Mama Feza amenituma nikuambie kwamba korali inahitaji sauti nyingine, mazoezi ni kila Jumamosi mchana, na hakuna atakayekuuliza swali. Maneno tayari unayajua.