Dada Anahojiwa Saluni Kuhusu Ulimwengu

Kataa kama unataka. Waliokataa kabla yako ni wengi, na bado wanakuja kwangu kujaziwa upepo. Nasema hivi: ulimwengu wote, kuanzia jua mpaka kisigino chako, tuliujadili kwenye benchi letu nje ya saluni ya Kinyozi, mchana kweupe, na aliyeleta mada ni dada yangu wa tumbo moja. Benchi lenyewe ni ubao mmoja uliokalia matofali. Pembeni nakaa mimi na pampu yangu, na beseni la maji la kutafutia pancha. Katikati yuko Redio, aliyeanza kutengeneza redio kabla sijazaliwa na sijamwona akimaliza hata moja. Mwisho wa benchi ni Mashine, mchomeleaji, miwani yake myeusi iko kwenye paji la uso hata akiwa anakunywa kahawa. Kinyozi hakai. Husimama mlangoni na mkasi ili aonekane ana kazi.

Dada yangu ni mtafiti wa fizikia ya nadharia. Kazi yake ni kufikiri. Nikisema hivyo watu hucheka, kwa sababu hata mimi nafikiri na hakuna aliyenipa ofisi. Yeye alisoma mpaka vitabu vikamwonea huruma. Mimi shule iliniacha njiani na sikuipigia mluzi. Siku hiyo alikuwa na mahojiano kwa kompyuta na taasisi kubwa ya utafiti. Mkataba wake wa zamani ulikuwa umeisha. Akikosa nafasi hii, basi, aweke chaki chini atafute kazi nyingine. Nyumbani mtandao unasuasua, wa Kinyozi uko vizuri kwa sababu wateja huja kuangalia mpira. Kwa hiyo dada akaja na kompyuta kwapani, koti la heshima juu, kandambili chini.

— Umewahi, akasema Kinyozi. Kaa kwanza upate kahawa. Hao wakikuuliza unafanya nini, utawaambia nini?

— Wao wanajua, Kinyozi. Nyie ndio hamjui.

— Basi anza na sisi, akasema Redio. Ukituweza sisi, wale ni wepesi.

Dada akaangalia saa, akanisukuma kwa nyonga, akakaa.

— Kuna sheria mbili, akasema. Moja ni ya vitu vikubwa: jua, sayari, huyu mdogo wangu akianguka na baiskeli ya mteja.

— Ilikuwa mara moja, nikasema.

— Nyingine ni ya vitu vidogo kuliko atomi. Kila moja kwa upande wake inafanya kazi vizuri ajabu. Shida ni ukitaka kuutia uvutano, huo unaomwangusha huyu, kwenye hesabu za vile vidogo. Unauliza swali dogo, unajibiwa namba isiyo na mwisho.

— Kama shemeji yangu nikimuuliza hali, akasema Mashine.

— Sasa baadhi yetu tunasema, huenda chembe ndogo kabisa si nukta. Huenda ni uzi mdogo unaotetemeka. Ukitetemeka hivi, ni chembe hii. Ukitetemeka vile, ni ile nyingine.

Redio akaweka kikombe chini.

— Stesheni, akasema. Nimekuelewa. Jiwe ni stesheni moja, mbuzi ni stesheni nyingine.

— Unakaribia, ila mbuzi ana chembe nyingi sana…

— Kwa hiyo mtu akimshika mbuzi, akamzungusha kidogo, anapata pikipiki.

— Huwezi kumzungusha mbuzi akawa pikipiki.

— Hujanipa mbuzi, akasema Redio.

Dada akacheka mpaka kahawa ikamwagikia kandambili. Kisha akasema jambo ambalo, nikwambie ukweli, lilinisimamisha nywele, na mimi si mtu wa kusimamishwa nywele.

— Mnajua kilichonivuta mimi? Walioanza hesabu hizi hawakuwa wanautafuta uvutano. Walikuwa na shida nyingine kabisa. Lakini kwenye ile mitetemo kulikuwa na mmoja uliokataa kuondoka. Wakaufukuza, ukarudi. Baadaye watu wakautazama vizuri. Kumbe ndio uvutano wenyewe, umekuja bila kuitwa.



— Mnamfukuza mgeni, akasema Mashine polepole, kumbe ndiye mwenye nyumba.

— Kabisa, kaka. Ila uzi huo una masharti. Sisi tunajua pande tatu: mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini. Uzi wenyewe unadai pande sita zaidi. Tunadhani zimejikunja, ndogo mno, ndiyo maana hatuzioni.

— Nywele hizo, akasema Kinyozi.

— Nini?

— Nina mteja, ukimwona kwa mbali unasema ana upara. Sogea. Nywele anazo, zimejikunja zikalalia ngozi. Aliye mbali anaona kichwa kitupu, mimi naona kazi ya nusu saa.

Dada akamtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

— Hiyo naichukua, Kinyozi.

Kinyozi angenyamaza hapo angebaki na heshima yake. Lakini sifa zikampanda. Akasema vitana vyake vinavyopotea viko huko, kwenye upande wa saba au wa nane. Mashine akasema apewe vipimo tu, mlango atauchomelea yeye. Redio akasema mlango hauhitajiki, inatosha antena. Mimi nikawaeleza kitaalamu kwamba kuna pancha unazamisha mpira kwenye beseni hazitoi hata povu, na asubuhi tairi limelala. Upepo ule unatokea kulekule. Hakuna aliyenipinga.

Wakati huo alikuwa amesimama mama mmoja tusiyemjua, na baiskeli yenye tairi la nyuma lililolala. Nikalifungua, nikaingiza mpira majini. Yeye akawa anasikiliza.

— Samahani, akamwambia dada. Hizo nyuzi mmeziona?

— Hapana, mama. Ni ndogo mno. Ukiikuza atomi moja ikawa kubwa kama ulimwengu wote tunaouona, uzi mmoja huenda ukawa na urefu wa mtaa huu. Hakuna chombo cha kuona hivyo.

— Ahaa. Na kama mmekosea, mtajuaje?

Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kama mtu anayeulizia njia. Sote tukamgeukia dada. Kinyozi akaanza kupangusa kioo cha mlango kilichokuwa safi. Mimi nikainamia beseni nikitafuta povu ambalo nilishaliona.

— Nauliza tu, akasema mama.

— Umeuliza vizuri, akasema dada. Akaangalia saa, akaingia ndani, mlango ukafungwa.

Nikabandika kiraka. Nikajisemea, huyu mama ametuua.

Tukamsikia dada kupitia dirishani. Wao hatukuwasikia, alikuwa amevaa vifaa vya masikioni. Aliongea kama mtu anayetembea chumbani kwake. Ilipofika habari ya upara, Kinyozi alinipiga kiwiko cha mbavu, ninacho mpaka leo. Kisha nadhani nao wakamuuliza lilelile la yule mama. Halafu sauti yake:

— Tukikosea hesabu, hesabu itatuumbua yenyewe, vipande havitashikana. Lakini kama hesabu ni sahihi na ulimwengu hauko hivyo, sijui nitajuaje. Nimeulizwa hilo hapa nje sasa hivi, nikakosa jibu, na bado sina. Ningependa kulifanyia kazi hilo.

Mashine akavua miwani kabisa.

— Amesema hajui, akanong'ona. Mbele ya wakubwa. Mimi geti likipinda nasema chuma kibovu.

Yule mama alikuwa amesimama na baiskeli iliyokwisha pona, haondoki.

Baada ya siku chache nikawatangazia kijiweni kwamba dada amepata. Redio akaninunulia kahawa. Kinyozi sasa anajiita mshauri wa taasisi.

Ila kuna kipande nimekiruka, na wewe nitakwambia maana hukai pale. Nafasi alipewa mtu mwingine. Sikuweza kuwaambia. Wangemwonea huruma, na dada yangu si wa kuonewa huruma na Redio. Siku ileile alipopata jibu nilimkuta nyuma ya nyumba, chaki mkononi, ukuta wa jiko umejaa alama za hesabu mpaka usawa wa bomba la maji.

— Dada, si wamekataa?

— Wamekataa. Lakini kuna kitu nilikisema pale saluni, kwamba vipande havitashikana. Nataka niangalie kama ni kweli. Sogea kidogo, unaniziba mwanga.