Wasifu wa King'ang'anizi, Mtafiti wa Seli za Mifupa

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1974, mtoto wa tatu wa fundi wa kuchomelea vyuma na mama muuza vitambaa, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana. Jina la King'ang'anizi alipewa na mama yake mzazi kabla hata hajaanza shule, na halikumtoka tena.

Shule ya msingi aliianza mwaka 1981. Mwaka uliofuata alianguka kutoka kwenye paa la karakana, akavunjika mkono. Daktari alipokuwa akimfunga plasta, mtoto akamuuliza, "Mfupa unajuaje kwamba umevunjika?" Akaambiwa atulie. Hakutulia. Alimaliza sekondari mwaka 1992 na kupata shahada ya pili ya baiolojia mwaka 2000. Kaka yake mkubwa, muuza mashine za mitumba, alimtaka aje wafanye biashara.

"Kaka, dukani kwako nitauliza maswali mpaka wateja wakimbie."

Mwaka 2001 aliajiriwa katika maabara ya utafiti wa mifupa. Kazi yake aliieleza hivi kwa yeyote aliyeuliza: ndani ya seli ya mfupa, kalsiamu ni kama kengele, ikipanda ghafla, seli imeambiwa jambo. Alizitia seli rangi inayong'aa kengele hiyo inapolia, akazidondoshea dawa ya saratani ya matiti ili kujua kama inadhuru mifupa, kisha akatazama kwa hadubini. Rangi yenyewe huharibiwa na mwanga, kwa hiyo chumba kilikuwa giza totoro.

Humo gizani ndimo alimopata mume. Fundi wa majokofu aliingia, akawasha taa.

"Umeniulia kazi ya wiki nzima."

"Samahani dada, nilidhani umeme umekatika."

"Umeme upo. Kilichokatika ni akili."

Kesho yake fundi alirudi, akapiga hodi, akatengeneza jokofu kwa kupapasa. Walifunga ndoa tarehe 6 Septemba 2003, wakajaliwa mabinti wawili.

Novemba 2021 alikutwa na saratani ya titi. Alifanyiwa upasuaji, kisha akaandikiwa vidonge: dawa ileile. Wakati huo utafiti ulikuwa umeiva. Dawa ilipodondoshwa, kalsiamu ilijaa, seli zikawaka, nyingine zikafa. Mkuu wa maabara alitaka matokeo yatumwe kwenye jarida. King'ang'anizi akagoma. Kiasi walichokuwa wakidondosha kilikuwa kikubwa mno kuliko kile kinachofika kwenye damu ya mtu anayemeza kidonge. Wote walilijua hilo. Lilikuwa limetajwa kwa sentensi moja, mwishoni mwa andiko lao. Yeye alitaka kiasi cha mgonjwa nacho kipimwe.

"Tukipima na seli zisiwake, habari yetu inakuwa ndogo," mkuu alimwambia.

"Iwe ndogo, bora iwe nzima."

Jioni moja aliyasimulia hayo nyumbani, na kaka yake akaona ni wazimu mtupu. "Mteja ameshaipenda bidhaa, wewe unamwonyesha ufa?"

"Namwonyesha. Mteja mwenyewe ni mimi, kaka."

Kaka, ambaye dukani hashindwi kirahisi, alimalizia chai yake, akaaga.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 ugonjwa ulifika kwenye ini. Aliendelea kwenda maabara akishikwa mkono na binti yake mkubwa. Mikono ilipoanza kutetemeka, mwenzake wa maabara alidondosha dawa, yeye akatazama. Kwa kiasi cha mgonjwa, seli hazikuwaka. Akataka warudie. Hazikuwaka. Mwenzake alipoanza kushangilia, alimkatiza: "Hizi ni seli kwenye kisahani, na tumezitazama kwa muda mfupi. Andika hivyo hivyo, usiongeze chumvi." Matokeo yalitumwa tarehe 3 Juni 2024 yakiwa na picha zote mbili, ile yenye mwanga na ile yenye giza, kwa ukubwa sawa. Mkuu alitaka ya giza ipunguzwe, akashindwa.

Alifariki dunia hospitalini asubuhi ya tarehe 19 Juni 2024, mumewe akiwa kando yake.

Ameacha mama mzazi, mume, mabinti wawili, kaka, dada, na swali ambalo mwenzake ameshaanza kulishughulikia: seli hizo zikiishi na dawa kwa miezi, kama anavyoishi nayo mgonjwa, itakuwaje?

Mwenyezi Mungu ampe pumziko ambalo hapa alikuwa halitaki.