Akina Sultani Wawili

Kwenye basi la kutoka Nzega nilikaa nyuma ya mzee mmoja, Alois, aliyekuwa akimweleza mama asiyemjua kwamba anakwenda Ipuli, pale Tabora, kumposea mwanawe.

"Sisi ndio akina Sultani," alisema, sauti ikifika hadi kwa dereva. "Babu wa babu yangu alitawala hapa enzi za misafara. Wapagazi waliobeba mizigo walikuwa wakimpigia magoti."

"Ipuli unakwenda kwa nani, baba?"

"Kwa Vedasto Sultani. Tumefanana majina tu."

Mama akamgeukia. "Vedasto ni kaka yangu. Mimi ni Recheli Sultani, na huyo sultani ni babu yetu sisi."

Niliacha kutafuna karanga.

"Kama ni babu yako pia, basi watoto ni ndugu, hawaoani," Recheli aliendelea. "Na binti yetu ameshashona gauni! Labda babu yako alikuwa mpagazi, akajipa jina la bwana wake."

"Wangu? Labda wako!" Mzee akatazama mabati ya Tabora yaliyoanza kuonekana. "Tukapime DNA."

"Ikisema babu zetu wote wawili walikuwa wapagazi je?"

Mzee akajifuta jasho, ingawa dirisha lilikuwa wazi. "Basi tusipime."

"Lakini mmoja wetu lazima auache usultani, baba, watoto waoane."

"Kweli kabisa, mama. Anza wewe."

Basi likasimama stendi. Abiria wengine tuliposhuka, wao walibaki vitini, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa heshima kubwa na kumsubiri.