Risala ya Madaktari wa Familia Wanaosomea Stoo

Mgeni rasmi, Makamu Mkuu wa Chuo, walimu wetu, na ndugu mliosimama kwa kuwa viti ni sita: karibuni sana hapa uani. Tulitaka kuwakaribisha ndani, lakini ndani kumejaa meno ya plastiki, mali ya kitivo jirani.

Tulikotoka

Miaka sita iliyopita, mwalimu wetu, ambaye sisi humwita Mama Mlezi, alisimama kwenye kikao akaomba tiba ya familia ifundishwe kama fani kamili. Bingwa wa moyo akamwuliza, "Mwenzangu, mimi nina moyo, huyu ana figo, yule ana macho. Wewe una nini?"

"Nina mgonjwa mzima."

Walicheka mpaka chai ikaletwa. Kisha wakampa stoo hii, wanafunzi wawili, na jina la kitengo cha majaribio.

Mafanikio

Leo tuko kumi na tisa. Tumefika hapa kwa msaada wa bingwa huyohuyo wa moyo, na ameturuhusu tuseme.

Mwaka juzi alishikwa na maumivu ya kifua. Akapimwa moyo, ukawa salama. Wenzake wakapima mapafu, ini na kongosho, kila mmoja akakisifu kiungo chake. Mwisho akaja kwetu, amevaa kofia ili asijulikane.

Mwenzetu wa mwaka wa kwanza akamwuliza swali tunalofundishwa siku ya kwanza: "Nyumbani unaishi na nani?"

"Mke, watoto, na mama mkwe. Amekuja kututembelea kwa wiki moja."

"Alikuja lini?"

"Mwaka jana."

Ikajulikana kwamba mama mkwe humpakulia sahani tatu kila jioni, naye kwa adabu hawezi kumrudishia mkwewe chakula. Mwenzetu akaomba kuwatembelea. Alipofika, bibi alimvuta pembeni jikoni.

"Mwanangu, natamani kurudi kwangu, hata kuku wangu sijui nani anawalisha. Lakini huyu mkwe wangu umemwona anavyokula? Nikiondoka si atakufa njaa?"

Mwenzetu akawakalisha wote sebuleni, mkwe na mkwe wakikwepana macho kwa heshima, akalieleza jambo taratibu. Bibi aliondoka Jumamosi. Kifua kilipona Jumatatu. Kikao kilichofuata, mkono wa kwanza kuinuka ili tupewe shahada ya uzamili ulikuwa wa bingwa wa moyo. Sasa tuna mtaala wetu na tafiti nne zilizochapishwa, moja ikihusu wakwe.

Changamoto

Kwa sababu ya yale meno, wagonjwa hudhani sisi ni wang'oaji. Wiki iliyopita mzee mmoja aliachama kabla ya salamu. Alikuwa ameletwa na goti. Tulimtibu goti, naye akaendelea kuachama mpaka mwisho, asije akatuudhi.

Lakini kuna zito zaidi. Kitengo hakiruhusiwi kuajiri walimu. Idara ndiyo huajiri. Mhitimu wetu bora, aliyetaka kubaki afundishe, amekwenda kusomea ngozi. Tulimsindikiza mpaka getini, na siku hiyo hakuna aliyetania. Mama Mlezi anastaafu mwezi wa sita. Akiondoka tukiwa bado kitengo, hatutakuwa na wa kutusimamia, na fani hii itafungwa pamoja na mlango wa stoo.

Ombi

Ombi letu ni moja, nalo ni sahihi yako kwenye barua ya kutufanya idara. Mama Mlezi alitukataza kuitaja. Alisema, "Mgeni habanwi mlangoni." Tumemtii, ndiyo maana tumekubana uani.

Mgeni rasmi, barua hiyo umeibeba miezi tisa sasa. Na uzazi pia tumeusomea. Kama uchungu umeanza, tuko wengi hapa wa kukusaidia.

Mwenyezi Mungu akujalie afya ya mwili mzima, na nyumba yenye maelewano.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Tiba ya Familia,
ambao mpaka tunamaliza kusoma risala hii bado ni Kitengo.